UN, SADC, EAC na AU: nani kaifanyia kazi Goma? Nyota zangu hizi hapa

Watu wengi wanazipima hizi jumuiya (Umoja wa Mataifa yaani UN, nchi za kusini mwa Afrika yaani SADC, Afrika Mashariki yaani EAC na Umoja wa Afrika yaani AU) kwa hotuba na bendera. Mi nimeamua nizipime kwa mji mmoja tu, Goma ya mashariki mwa Kongo (ile ya Kinshasa), maana zote nne zimepita pale na zote zilisema zinaleta amani, na bado waasi wa M23, ambao Rwanda inatuhumiwa kuwasaidia, wameuchukua ule mji mara mbili, Novemba 2012 na Januari 2025.

Tuanze na UN, ndo mkongwe. Wapo Kongo tangu 1999 wakiitwa MONUC, 2010 wakabadilishwa jina wakawa MONUSCO, na kwa miaka mingi bajeti yao imekuwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Hela yote hiyo alafu kijiji kinachomwa kilomita chache kutoka kambini kwao na wao wanasubiri ruhusa, ndo maana Julai 2022 wananchi wa Goma na Butembo wakavamia kambi zao, watu wakafa, raia na walinda amani pia. Lakini jamani tuwe wakweli, 2013 ilionesha kwamba kofia ya bluu (walinda amani wa UN) ikiamua inaweza. Baada ya aibu ya 2012 Baraza la Usalama likakubali brigedi ya kushambulia kabisa, wanajeshi kama elfu 3 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda akiwa Mtanzania mwenzetu Mwakibolwa, wakapigana bega kwa bega na jeshi la Kongo na mwezi wa 11 M23 wakatangaza wameacha vita. Wafadhili nao walikuwa wameibana Rwanda kwenye misaada, hilo watu wanalisahau. Mtutu pamoja na presha ya hela, vyote kwa wakati mmoja, baada ya hapo sijaona tena vikikutanishwa. Nawaongezea pointi kwa Radio Okapi pia, ipo hewani tangu 2002, ina Kiswahili, na kwa mtu wa Kivu (mkoa wenyewe wa Goma) taarifa ya barabara ipi imefungwa leo ni huduma kubwa kuliko maazimio kumi ya New York. Nyota 3 kati ya 5.

EAC sasa. Hapa nina hasira kidogo. Kongo wamejiunga 2022, Novemba mwaka huo huo Kenya ikapeleka jeshi Goma chini ya EAC, zikafuata Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Serikali ya Kongo pale Kinshasa walidhani wanakuja kupigana, wenyewe wakasema wamekuja kusimama katikati, Desemba 2023 Rais Tshisekedi wa Kongo akawaambia asanteni, rudini kwenu. Na ilikuwa lazima iwe hivyo tu, maamuzi ya EAC ni mpaka wote wakubaliane na Rwanda yupo mezani, ni kikao cha ukoo ambacho mlalamikaji na mlalamikiwa wote wana kura, utatoa hukumu gani hapo? Kwa biashara siwakatai, Namanga, mpaka wa Kenya na Tanzania, siku hizi unagonga mihuri yote kwenye jengo moja, na Mkenya anaenda Kampala mpaka Kigali kwa kitambulisho tu (sisi Watanzania bado tumeng'ang'ania pasi, hilo nalo tulijadili siku nyingine). Nyota 4 kwa mpakani, 1 kwa vita.

SADC ndo waliochukua nafasi, Desemba hiyo hiyo 2023, na Rwanda sio mwanachama kwaiyo angalau hawakuwa na mtu wa kuwazuia ndani ya kikao. Nia walikuwa nayo. Vifaa ndo shida, wanajeshi wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania wamepelekwa kukabiliana na watu wenye silaha za kisasa huku msaada wa angani hakuna, Januari 2025 Afrika Kusini peke yake ikapoteza 14. Machi wakafuta misheni, na ili waondoke ikabidi wapite kwa barabara ndani ya Rwanda mpaka Tanzania. Rwanda hiyo hiyo. Nyota 2, na zote mbili ni za wale vijana, sio za waliowatuma.

Kabla ya hapo, tarehe 8 Februari, EAC na SADC walifanya kikao cha pamoja Dar, Rais Kagame wa Rwanda akaja mwenyewe, Tshisekedi akaingia kwa video, wakaagiza mapigano yasimame mara moja. Wiki moja haijapita vizuri M23 wakaingia Bukavu, mji mkubwa wa Kivu Kusini.

AU nitaandika kifupi kwa sababu hata wao kazi yao hapa ilikuwa fupi. Kwenye sheria yao ya kuanzisha umoja kuna kifungu cha 4 kinachowapa haki ya kuingilia nchi mwanachama kukiwa na mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita, hata UN hawajaandika kwa ukali ule, na mpaka leo hawajakitumia. Usuluhishi walimwachia Rais Lourenço wa Angola, akajitahidi kweli, Machi 2025 akaachia, kijiti kikaenda kwa Faure Gnassingbé, kiongozi wa Togo, na wakati huo wenye ugomvi walishapanda ndege. M23 wakaongea na Kinshasa Doha, Rwanda na Kongo wakasaini Washington tarehe 27 Juni. Nyota 1 na nusu.

Ukiniuliza nimpigie nani kesho pakilipuka, nachukua UN ile ya 2013, ile ya sasa hapana. ICGLR, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, ya pale Bujumbura nimeiruka makusudi, ukiwa mtu wa Kivu na umewahi kuona kazi yao, tupia nyota zako hapo chini.