Bombo za karanga bila furu: kakao ya unga ao shokola ya kipande?

Zote mbili ni mbabula na sufuria tu, furu hapana. Ile ya kakao, unachemsha sukari, maziwa, margarini na kakao, ikianza kutokota unahesabu kama dakika moja na kitu hivi, unatoa ku moto unaweka karanga ya kusaga na biskwi zenye umevunjavunja, unachota na kijiko unapanga ku sahani, ikipoa inakamata yenyewe. Bila frigo! Hapa Goma hiyo ni kitu kubwa, juu umeme ikienda nani anajua itarudi saa ngapi. Matata ni ile dakika: ukitoa mbio inabaki potopoto, ukichelewa inakuwa chengachenga mu kinywa.

Shokola ya kipande haina mambo ya dakika. Unachanga karanga ya kusaga, biskwi na sukari ya unga, unashindilia mu sahani, shokola unaiyeyusha mu bakuli juu ya maji ya moto unamwanga juu. Ila tone moja ya maji ikiingia inafanya mabonge, pangusa bakuli vizuri. Na inataka baridi: usiku wa Goma unasaidia, Lubumbashi mwezi wa 10 bila frigo, aaah, acha. Bei nayo iko juu. Lakini ukipata ile nyeusi ya Mutwanga, ya kakao ya huku kwetu Kivu, ule uchungu wake na karanga yenye chumvi kidogo…

Ya batoto ya kila wiki, kakao. Ya wageni, kipande. Karanga yenyewe, mafuta ikielea juu koroga kwanza, usimwage.