Mtoto aliyezuiliwa: asomee ndani au nje?

Darasa la ndani, palepale kizuizini, ni rahisi kusimamia: hakuna safari wala mwanya wa kutoroka. Lakini kengele ikilia, mtoto anarudi bweni lilelile, na mlango unafungwa nyuma yake.

Akisoma shule ya nje, anakaa dawati moja na wenzake, anaazima kalamu, anagombania mpira. Hayo madogo ndiyo yanayomrudisha utotoni. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinapendelea nje, pale inapowezekana. Nami naunga mkono, ila asishushwe getini na askari mwenye sare. Wenzake watamwita mhalifu.

Akibaki ndani, cheti chake kisionyeshe kwamba alizuiliwa. Kanuni hizohizo zinataka hivyo.