Hendwili ya palsi 100 ya mashine ya CNC: gurudumu zuri, waya wa mashaka

Ni kile kisanduku cha kushika mkononi cha kusogezea mashine ya CNC, yaani inayoendeshwa na kompyuta: gurudumu la tik 100 kwa mzunguko mmoja, kila tik ikitoa palsi (pigo la umeme) moja, swichi ya kuchagua mhimili, yaani upande wa kusogea (X, Y, Z, 4), swichi ya ukubwa wa hatua ya x1, x10 na x100, kitufe cha pembeni na kile chekundu cha dharura. Waya wake umejisokota kama wa simu ya mezani ya zamani. Kinauzwa kwa majina mengi, umbo ni lilelile.

Gurudumu lenyewe halina lawama. Kila tik unaisikia kidoleni, na ukiwa kwenye x10 unasogeza kata (kisu cha mashine) kwa 0.01 mm mpaka inagusa karatasi juu ya kazi. Tabu iko kwenye waya na swichi, na hizo ndizo zinazofanya meza ionekane imeingiwa na wazimu: unaipeleka kulia inarudi kushoto, unaacha gurudumu inaruka.

Kabla ya kuilaumu hendwili, sogeza mhimili uleule kwa kibodi. Ikicheza vilevile, ugonjwa uko mbele: kaplingi (kiungo cha mota na skrubu ya meza) imelegea, au waya wa mota unashika na kuachia. Zima umeme kabla ya kuugusa waya huo, maana kuuchomoa draiva (kifaa kinachoendesha mota) ikiwa hai kunaweza kuiunguza. Kibodi ikienda safi, rudi kwenye hendwili.

Meza ikitetemeka palepale, mbele kidogo nyuma kidogo, moja ya chaneli mbili za ishara za gurudumu, A na B, imekufa. Kompyuta hutambua upande kwa kuangalia nani ametangulia kati ya A na B. B ikinyamaza, kila pigo la A linasomeka kama hatua moja mbele na moja nyuma. Pima kwa mita: kwanza 5V na 0V kwenye skrubu za gurudumu lenyewe, si kwenye kabati la umeme la mashine, kwa sababu waya mrefu mwembamba hula volti. Kisha A kwa 0V, halafu B kwa 0V. Hapa mafundi wengi wanadanganywa: ukigeuza tik kwa tik, namba haibadiliki, kwa sababu kila tik ni mzunguko kamili wa palsi. Lishike gurudumu lisimame katikati ya tik mbili, ulisogeze polepole. Namba lazima ipande karibu na 5 na kushuka karibu na sifuri. Ikigota katikati, angalia maungio ya risasi pale waya unapoingia kisandukuni. Ndipo unapokunjwa kila siku.

Meza ikijisogeza yenyewe spindo (mota inayozungusha kata) inapowashwa, hizo ni kelele za umeme za inveta, kifaa kinachoilisha spindo. Zima spindo ujaribu tena, ikitulia, umeshajua. Kwa karakana ya Nyakato, Mwanza, ambayo mashine ya kuchomelea iko ukuta wa pili, hili ndilo jambo la kuangalia dukani kabla ya kulipa. Geuza gurudumu uhesabu skrubu. Lenye nne tu (0V, 5V, A, B) linafaa waya mfupi na sehemu tulivu. Lenye sita, yaani na A- na B- pia, hupeleka kila ishara kwa waya mbili zinazopingana, na kelele inayoziingia zote kwa pamoja inafutwa kwenye kadi inayopokea ishara za hendwili. Chukua hilo, ila hakikisha kadi yako inapokea ishara za jozi. Isipopokea, funika A- na B- kwa tepu. Usiziunge na 0V hata siku moja. Wavu wa chuma unaozunguka waya ufunge ardhini upande wa kabati peke yake, na waya wa hendwili usilale pamoja na wa inveta; vikibidi kukutana, vipishane kama msalaba.

Swichi zina aibu yake. Kisanduku mara nyingi hakina mpira wa kuziba, na unyevu wa ziwa pamoja na wadudu wanaofuata taa usiku huingia kupitia tundu la waya. Kontakti ikichafuka, x10 inaweza kusomeka x100, na hapo kata inazama mara kumi. Spirei ya kontakti na kuzungusha swichi mara ishirini hutosha; ikirudia, badilisha swichi.

Mengine ni mipangilio tu. Enkoda (kihesabu kilicho ndani ya gurudumu) ya palsi 100 hutoa mabadiliko 400 kwa mzunguko. Usipoiambia programu igawanye kwa 4, tik ya 0.01 inakuwa 0.04. Na kwenye x100, ambapo tik ni 0.1 mm, mizunguko miwili kwa sekunde ni 20 mm, yaani 1200 mm kwa dakika. Mhimili wako ukiwa na kikomo cha 800 mm kwa dakika, baadhi ya programu hulimbikiza deni la tik na meza inaendelea kutembea wakati mkono umeshatoka. Kama programu yako ina chaguo la kusimama gurudumu linaposimama, liwashe.

Ukimaliza, weka dayo geji (kipimo cha sindano cha misogeo midogo) mezani: tik 100 kwenye x10, sindano isome 1.00 mm. Rudisha tik 100 huku spindo ikizunguka. Sindano isiporudi sifuri, jaribu na kibodi kabla ya kufungua kisanduku tena, maana huenda ni skrubu ya meza iliyolika. Na kitufe chekundu kijaribu siku ya kwanza: kwenye vifaa hivi kina waya zake mbili za pekee, na asiyeziunganisha anabaki na kitufe cha mapambo.