PG na VG: nilivyochagua maji ya vepu hapa Tanga

Chupa mbili za maji ya vepu, yaani sigara ya betri, zimeandikwa embe, bei zinakaribiana, lakini moja inavutika vizuri na nyingine inakujaza kinywa harufu ya pamba iliyoungua. Nimezitumia zote mbili na tofauti yao haiko kwenye embe. Iko kwenye tarakimu ndogo za ubavuni ambazo muuzaji hakuzitaja kabisa: moja 70/30, nyingine 50/50.

Niseme mapema kwamba mimi nimetoka kwenye sigara, tena za miaka mingi. Kama wewe huvuti chochote, haya hayakuhusu, kaa hivyo hivyo. Nikotini ikishakushika haiulizi uliipata kwa kiberiti au kwa betri.

Kazi yangu ni ufundi simu, Ngamiani, na wateja huniletea vepu zao zikigoma kuingiza chaji, kwa hiyo nimeshazifungua sana. Ndani hamna maajabu: betri, kitangi, na koili ya waya iliyokumbatiwa na pamba. Pamba inanyonya maji, waya unapata moto, maji yanageuka mvuke. Shida zote za kuvuta zinaanzia pale pamba inapokauka kabla maji mengine hayajaingia. Na kasi ya maji kuingia inategemea umeyachanganya nini.

Msingi ni vitu viwili. PG, yaani propilini glaikoli, ni nyepesi, inabeba ladha bila kuifunika, na ndiyo inayokwaruza koo kidogo kama sigara. VG ni gliserini ya mimea: nzito, ina utamu wa mbali, na ule moshi mwingi unaoonekana kwenye video za vijana ni wake. Mililita moja ya PG ina uzito wa gramu 1.04, ya VG gramu 1.26. PG inachemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, VG kwenye 290. Sehemu ndogo inayobaki ni ladha na nikotini. Ukiwa dukani na maandishi yamefutika, pindua chupa: mapovu yakipanda haraka, PG ni nyingi, yakijivuta taratibu, umeshika VG. Chupa isiyoonyesha kipimo popote mimi hairudi nami nyumbani, hata muuzaji aape.

Sasa ile 70/30, yaani VG sabini kwa PG thelathini. Kifaa changu ni kidogo, cha podi, yaani kitangi kidogo cha kuchomeka, koili yake ya omu 1.0 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme), na vitobo vya kupitishia maji ni vidogo mno. Mivuto ya mwanzo ilikuwa mizuri, laini, embe tamu. Nikivuta mfululizo, inaanza kukauka, halafu unapigwa na ule moto wa pamba kavu unaokufanya ukohoe mpaka mteja aliye mbele yako akuonee huruma. Nilipoitoa koili nikaikuta katikati imeungua na pembeni bado imelowa. Maji yalikuwapo, ila hayakuwahi kufika. Mchanganyiko huo si mbaya, ni wa mashine kubwa zenye koili za chini ya omu 0.5, zenye matundu mapana na wati nyingi.

Ile 50/50 kwenye podi hiyo hiyo ilikaa sawa. Moshi ni mdogo, na mimi sihitaji wingu ndani ya kibanda cha fundi, maana VG ikitua kwenye kioo inaacha ukungu unaonata, na mimi nashughulika na vioo siku nzima. Ladha ilikuja wazi zaidi. Koo lilihisi kitu. Kasoro yake ni joto letu. Kati ya Desemba na Machi, Tanga ikiwa imewaka, maji yoyote yanazidi kuwa mepesi, na mepesi tayari yakilegea zaidi yanavuja. Usiiache podi mfuko wa shati ukipiga baiskeli jua la mchana. Mzigo nilioagiza Dar ukaja kwa basi hadi stendi ya Kange ulifika na vizibo vinanata, ingawa chupa zilikuwa mpya.

Nimejaribu pia yenye PG nyingi zaidi, sitini na kupita. Ilinikausha mdomo na kunikera koo asubuhi. Vitu vyote viwili hunyonya unyevu, kwa hiyo maji ya kunywa yawe karibu, ila wapo watu ambao PG haiwakubali kabisa: koo linawasha, ngozi inawasha. Hao wapande VG na wanunue kifaa kinachoiweza.

Suala jingine ambalo hapa kwetu haliepukiki. Mzee mmoja wa barazani, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliinyooshea kidole ile chupa. "Mwanangu, gliserini si ndiyo ile ya mafuta ya nguruwe?" Swali la haki kabisa. Gliserini hutoka mafuta yanapovunjwa, kama kwenye kutengeneza sabuni, na mafuta hayo yanaweza kuwa ya mnyama au ya mmea. Iliyoandikwa VG ni ya mimea: mawese, soya, hata nazi. Nikamweleza. Akanywa kahawa yake, akasema, "Haya, la nguruwe limekwisha. Bado la mapafu."

Na la mapafu kweli bado. PG na gliserini zimo kwenye vyakula na dawa, lakini kula ni njia moja na kuvuta ni nyingine. Gliserini ikipata moto kupita kiasi, hasa pamba ikiwa kavu, hutoa akrolini, kemikali inayochoma njia ya hewa. Kwa hiyo kulinganisha mchanganyiko na koili si suala la ladha tu.

Kuna fundi mwenzangu aliyetaka ajitengenezee: gliserini ya kupaka ya duka la dawa, arki ya vanila ya keki, na tone la mafuta ya nazi iteleze. Nilimkatalia papo hapo. Mafuta hayavutwi, kabisa. Yakiingia mapafuni yanaleta nimonia. Mwaka 2019 Marekani ililaza watu zaidi ya 2,000 kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vepu, na kilichobainika zaidi ni asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta, iliyochanganywa hasa kwenye maji ya bangi. Arki za jikoni nazo zilipimwa kwa tumbo. Diasetili, inayotoa ladha ya siagi, ndiyo iliyoharibu mapafu ya wafanyakazi wa kiwanda cha bisi jimboni Missouri, na wao walikuwa wakiinusa tu kazini.

Nikotini sitaisemea sana. Kwenye podi ndogo natumia ya chumvi, mg 20 kwa mililita, ambayo haichomi koo hata ikiwa kali. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo hapo hapo kwenye 20. Mashine kubwa inatosha mg 3, kwa sababu moshi ni mwingi. Ukimwaga zile 20 kwenye mashine kubwa, kichwa kitakuzunguka. Chupa zangu naziweka juu ya kabati kwa kufuli: maji yananukia pipi, na nikotini ya majimaji ni sumu kwa mtoto.

Halafu utamu. Embe zote mbili zilitiwa sukralosi, kitia utamu kisicho sukari, kwa mkono mzito, na koili ikatoka na ganda jeusi kama sukari ya kashata iliyoungua chini ya sufuria. Siku hizi nachukua mnanaa usio na utamu, 50/50, na koili inadumu mara mbili ya ile ya embe.

Kwa podi ndogo, basi, 50/50 naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa kuvuja. Ile 70/30 kwangu ni nyota mbili. Chupa iliyobaki nilimpa rafiki wa Chumbageni mwenye mashine kubwa ya koili ya omu 0.2, na yeye tayari ameagiza nyingine.