Kubadili mtutu wa rifali mwenyewe: vifaa vya kununua, tangu cha kwanza hadi cha mwisho

Mtutu wa rifali huisha kama tairi. Moto wa baruti unakula chuma pale risasi inapoanzia safari, mifereji ya ndani inalika, na bunduki iliyokuwa ikikusanya risasi tatu kwenye eneo la kifuniko cha soda inaanza kuzitawanya. Huku Marekani wawindaji na walenga shabaha wengi wameacha kupeleka bunduki kwa fundi kwa ajili hiyo. Wanaagiza mtutu uliokwisha kukatwa nyuzi na chemba, yaani tundu la nyuma linalokaa risasi, kisha wanaufunga wenyewe nyumbani. Sheria ya 1968 inahesabu risiva, yaani kile chuma kinachobeba bolti (kipande kinachosogea na kuifunga chemba), kuwa ndiyo silaha yenyewe, kwa hiyo mtutu unauzwa kama kipuri. Angalia tu usishuke chini ya inchi 16, maana rifali yenye mtutu mfupi kuliko hapo inadai usajili wa serikali kuu, na majimbo nayo yana masharti yao.

Ndugu zangu mlio Tanzania na Kenya, kwenu kazi hii ni ya fundi mwenye leseni. Hata hivyo someni, ili mjue cha kumuuliza.

Kabla ya chochote toa magazini, fungua bolti, chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Macho peke yake hayatoshi. Risasi zote zikae chumba kingine.

Cha kwanza: geji za chemba

Watu wengi huanza kununua spana. Mimi nasema anza na geji, na kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, iwe hiyo.

Ukifunga bolti, kuna nafasi kati ya uso wa bolti na pale ganda la risasi linapoegemea ndani ya chemba. Ikiwa ndogo mno, bolti haifungi. Ikiwa kubwa mno, ganda linavutika wakati wa mlipuko, linaweza kukatika karibu na kitako chake, na gesi inarudi nyuma kuelekea usoni pako. Kwa risasi ya aina ya .308 Winchester tunazungumzia mgandamizo unaoruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Nafasi hiyo haipimwi kwa jicho.

Geji zinakuja mbili. Ya kwanza ni ya "pita": bolti lazima ifunge juu yake. Ya pili ni ya "usipite": bolti lazima ikatae. Kwa .308 ya kwanza ina inchi 1.630 na ya pili 1.634. Tofauti ni inchi 0.004, unene wa karatasi moja ya kuchapia. Nunua za caliber yako hasa, yaani aina ya risasi ya bunduki yako, na zote mbili zitoke kwa mtengenezaji mmoja. Kampuni ya Forster inazitengeneza vizuri. Fedha ikikubana, nunua ile ya "pita", bandika vipande viwili vya selotepu nyembamba kitakoni, ukate kingo zake kwa wembe. Hapo umeongeza takriban inchi 0.004, na wengi hupima hivyo. Mimi bado napenda kuwa na zote mbili.

Unapopima, toa sindano ya kufyatulia ndani ya bolti, pia kile kipini chenye springi kinachorusha ganda. Usipovitoa, springi zitakudanganya. Mkono wa bolti ushuke kwa kidole kimoja. Ukiona unalazimika kuusukuma kwa kiganja, acha.

Cha pili: jiliwa la mtutu

Hapa ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza nilitumia jiliwa la kawaida la mezani na vipande viwili vya mbao. Nilikaza mpaka mbao zikalia, nikavuta spana, na mtutu ukazunguka ndani ya mbao badala ya kufunguka. Ulibaki na mkwaruzo wa duara, mweupe, unaong'aa katikati ya rangi nyeusi ya chuma. Mtutu ule ulikuwa mzima kabisa, nilikuwa nautoa ili nimuuzie mtu.

Nunua jiliwa lililoundwa kwa kazi hii: vipande viwili vizito vya chuma vinavyobanwa kwa skrubu nene nne, na ndani yake vibao vya alumini au mbao ngumu vilivyochongwa kufuata umbo la mtutu. Majiliwa ya skrubu mbili yanafaa kwa mitutu minene isiyopungua unene. Mtutu mwembamba wa kuwindia unapungua unene kuelekea mbele, hivyo unahitaji vibao vinavyofuata mteremko huo. Futa mafuta yote kwa spiriti, kisha nyunyiza unga wa ulimbo, uleule wa wapiga fidla, kati ya kibao na mtutu. Bana karibu na risiva kadiri inavyowezekana. Meza nayo iwe imefungwa ukutani au sakafuni, la sivyo utazungusha meza.

Cha tatu: spana, na inategemea bunduki

Savage 110, iliyoingia sokoni 1958, ndiyo rahisi kuliko zote. Mtutu wake unazuiwa na nati, kwa hiyo unahitaji spana ya nati tu. Kuna nati za zamani zenye mifereji na za kisasa zilizo laini. Angalia yako kabla ya kulipa, maana spana zake haziingiliani. Kufunga ni hivi: weka geji ya "pita" kwenye chemba, funga bolti, zungusha mtutu kwa mkono mpaka uguse geji, kisha kaza nati. Pima tena baada ya kukaza, kwa sababu nati huuvuta mtutu kidogo. Kama unaanza, anzia hapa.

AR-15 inafuata. Nafasi ya chemba imepangwa na mtengenezaji wa mtutu kwenye kile kipande chake cha nyuma, ila usiache kuipima kwa bolti yako. Nunua fimbo ya chuma inayoshika meno ya kipande hicho kutoka ndani, ili nguvu isiende kwenye alumini ya risiva. Nati yake inakazwa kati ya futi-pauni 30 na 80.

Remington 700, ya tangu 1962, ndiyo inayotoa jasho. Haina nati; bega la mtutu linabana risiva moja kwa moja, na katikati kuna bamba la kuzuia mrudisho. Kwa kufungua mtutu wa kiwandani chagua spana ya nje, inayokumbatia pete ya mbele ya risiva. Ile inayoingia kwa nyuma kupitia njia ya bolti inafaa zaidi kwa kufunga, na iwe ya aina inayoshika hadi mbele, maana ikishika nyuma tu inaweza kuikunja risiva. Siku ya kufungua weka mafuta ya kupenya usiku kucha. Asubuhi vuta kwa nguvu moja, ndefu. Utasikia "ta!" kavu kama mfupa, na baada ya hapo mtutu unatoka kwa mkono. Ukirudisha, bamba lisipinde. Kuna kishikio kidogo cha kulinyoosha, kinunue.

Mauser 98 mwachie fundi. Mtutu wake unaegemea pete ya ndani, na nyingi zimekaa bila kufunguliwa tangu kabla ya babu zetu kuoa. Fundi mwenye mashine hukata mfereji mbele ya bega ili mtutu ulegee, na huo ni mtutu wa kutupwa.

Spana ya bomba usiiguse kwa risiva yoyote. Gesi ya kuchomelea pia hapana: risiva imepikwa kiwandani iwe ngumu, na moto unaiharibu bila alama utakayoiona.

Cha mwisho: spana ya toki na grisi

Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ya gereji ya magari inatosha. Fuata kipimo cha aliyetengeneza mtutu. Paka grisi ya kuzuia kugandana kwenye nyuzi na begani, kidogo tu, isiingie chemba.

Ukimaliza, pima kwa geji tena. Risasi ya kwanza fyatua bunduki ikiwa imefungwa kwenye stendi na wewe ukivuta kamba kwa mbali, halafu liokote ganda. Ukiona mstari mweupe unaozunguka juu kidogo ya kitako, usifyatue ya pili. Rudi mezani na geji.