Seti ya kusawazisha klia: imeokoa boneti, imenichomea ukingo wa mlango

Gari ni langu, rangi nilipiga mwenyewe, na kasoro ni zangu. Naanza na hilo asije mtu akadhani nambebesha mtengeneza seti dhambi za mkono wangu. Nilipuliza buluu ya metaliki kwenye boneti, milango miwili ya kushoto na bampa la mbele, nikafunika kwa klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha iwe ngumu). Usiku ule nililala kama mfalme. Asubuhi nilipofungua banda, jua likaingia kwa ubavu, nikatamani liwe giza tena.

Boneti yote ilikuwa ganda la chungwa: vijilima na vijibonde ambavyo ukisimama mbele yake huvioni, lakini taa ikijiakisi humo inaonekana imevunjikavunjika. Mlango wa mbele ulikuwa na michirizi mitatu chini ya kitasa, mmoja una urefu wa kidole na umevimba mwishoni kama tone lililoghairi kudondoka. Vumbi lilikuwa kila mahali. Mlango wa nyuma ulikuwa na vipovu vilivyopasuka, vidogo kana kwamba mtu ameuchomachoma kwa sindano. Bampa nalo lilikuwa na vishimo vya duara ambavyo klia ilivikimbia. Mafundi wanaviita macho ya samaki, na kweli vinakutazama.

Ndipo nikanunua seti hii. Jina la kampuni naliacha, maana seti za aina hii ziko nyingi na vilivyomo ni karibu vile vile: karatasi za msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000 na 3000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kitalu cha mpira cha kuviringishia msasa, chupa ya kompaundi ya kuondoa mikwaruzo ya msasa, chupa ya polishi ya kumalizia, sponji tatu, na kishikio cha kufunga sponji kwenye drili. Juu ya boksi wameandika kwamba inaondoa kasoro zote za rangi. Hilo neno "zote" ndilo lililonifanya nikae niandike.

Seti hii kazi yake ni moja tu, kupunguza. Haiongezi kitu. Kasoro iliyosimama juu ya klia inaikata vizuri kabisa. Kasoro iliyozama haina la kuifanya, labda uiteremshe klia yote iliyoizunguka mpaka ilingane na chini ya shimo, na huko chini mara nyingi klia imeshakwisha. Vumbi, michirizi na ganda la chungwa vimesimama. Macho ya samaki, vipovu, mawingu (mabaka) kwenye metaliki na mikwaruzo ya msasa kwenye praima, ile rangi ya chini kabisa, inayoonekana chini ya rangi, hivyo vimezama. Kipeperushi cha ndani ya boksi kingekuwa na mstari huo mmoja, ningeokoa siku nzima.

Kitu bora humo ndani ni kile ambacho hakuna anayekipigia debe: kitalu cha mpira. Nilianza boneti kwa kushika msasa kwa vidole, kwa sababu nilikuwa na haraka, na vidole vinafuata vijibonde badala ya kuvivuka. Unapanda kijilima, unashuka bondeni, ukimaliza una ganda la chungwa lile lile ila limefifia. Nilipoviringisha msasa kwenye kitalu, ukaanza kupita juu juu na kukata vilele peke yake. Kitalu chao ni kigumu kiasi, kinapinda kidogo kufuata umbo la boneti lakini hakilegei. Hata kama seti hutaitaka, tafuta kitalu cha namna hiyo.

Karatasi nazo ni nzuri, isipokuwa moja nitakayoisema baadaye. Nilizilowesha kwanza kwenye maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni inafanya msasa uteleze, na unga wa klia usigande kwenye chembe ukazitia butu. Kwenye boneti nilianza na 1500. Unasugua mara chache, unakausha kwa mpira wa kufutia vioo, unatazama. Sehemu zilizoguswa zinakuwa nyeupe zisizong'aa, na mabonde yanabaki kama nukta zinazometameta. Unaendelea hadi nukta ziishe, au zibaki chache mno. Mimi niliacha kadhaa karibu na pua ya boneti kwa makusudi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 60 hivi, na unywele wa mtu unaweza kufika 70 au zaidi. Hiyo yangu ya kupiga nyumbani sikuwa na chombo cha kuipima, kwa hiyo kila nukta niliyoifukuza nilikuwa nainunua kwa klia nisiyojua imebaki kiasi gani.

Maji ndiyo yanayokupa habari. Yakitiririka meupe kama maziwa, unakata klia. Yakianza kuwa na rangi ya gari, acha hapo hapo, umeshafika kwenye rangi yenyewe. (Hii ni kwa rangi yenye klia juu. Rangi ya tabaka moja isiyo na klia itatoa maji ya rangi tangu mwanzo, usishtuke.)

Baada ya 1500 nikaenda 2000, kisha 3000, kila mara nikibadili mwelekeo: namba moja nasugua kwa urefu, inayofuata kwa mshazari. Ukifanya hivyo unaona wazi kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Na badilisha maji kila unapobadilisha namba. Chembe moja ya msasa wa 1500 ikiingia kwenye ndoo ya 3000 itakuchorea mstari ambao hutauona mpaka umalize kupolishi.

Sasa ile karatasi moja, namba 1000. Kipeperushi kinasema uitumie kwenye michirizi, kisha uendelee na nyingine. Nilitii. Mchirizi ni mgumu, umesimama, lakini klia ya pembeni yake ni ya unene wa kawaida. Ukipeleka 1000 hapo bila kujikinga, inakula pembeni kwa kasi ile ile inayokula mchirizi. Chembe za msasa wa 1000 zina wastani wa mikroni 18, za 2000 ni kama 10. Mchirizi wa kwanza uliondoka, na kando yake pakabaki bonde pana ambalo ukipitisha kiganja unalihisi.

Rafiki yangu ambaye kazi yake ni kupiga rangi alipita jioni ile, akaweka kiganja, akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Kaka, hapo hukupiga msasa, umechimba kisima."

Michirizi miwili iliyobaki alinionyesha yeye, na kwa njia isiyomo kwenye seti. Alichukua wembe wa upande mmoja, akaviringisha tepu ya karatasi kwenye ncha zake mbili, akaacha katikati wazi. Tepu inaunyanyua wembe kwa unene wake tu, kwa hiyo hata ukiteleza huikati klia ya pembeni, unakata kilichosimama. Akaukwangua mchirizi taratibu, wembe ukiwa wima na umelalia kidogo upande anaouvutia, nyuzi za klia zikitoka kama manyoya. Mchirizi ulipobaki kiduchu juu ya usawa, tukahamia 1500 juu ya kipande kidogo cha mbao. Kabla ya yote hayo aliubonyeza kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, anasema, ondoka, rudi siku nyingine: mchirizi ni mnene, unakauka nyuma ya wenzake, na ukiukata ungali mlaini ndani unararuka.

Ule ukingo wa mlango sasa. Rangi ya majimaji inajivuta kutoka kwenye kona kali, kwa hiyo kwenye kingo na kwenye mikunjo ya bodi klia ni nyembamba kuliko popote. Nilijua hilo. Nilibandika tepu kwenye kingo zote wakati wa msasa, na nikaibandua wakati wa kompaundi, nikiamini kompaundi ni dawa tu ya kung'arisha. Si dawa, ni msasa ulio ndani ya chupa. Drili ikiwa imeshika sponji, ikapita kwenye ukingo kwa sekunde mbili tatu, nikaona klia imetoweka na chini yake buluu iliyopauka. Hiyo hairudi kwa kupolishi. Inataka kupulizwa upya.

Lawama ya hapo nagawa nusu kwa nusu na kile kishikio cha drili, ambacho ndicho kitu kibaya kuliko vyote kwenye boksi. Hakikai katikati sawasawa, kinayumba, na drili ni nzito upande mmoja kwa hiyo sponji inakanyaga kwa ukingo badala ya kulala. Joto linajikusanya sehemu moja. Boneti niliyoianza kwa drili ilitoka na mawimbi ya mviringo ambayo usiku chini ya taa ya barabarani yanaonekana kama michoro ya konokono. Niliazima mashine ya kupolishi ya aina ile inayozunguka huku ikiyumba kwa mizunguko midogo, na mambo yakabadilika siku hiyo hiyo. Haichomi kirahisi, na ukiikandamiza mno inapunguza kuzunguka yenyewe. Kwa kompaundi ile ile na sponji zile zile za seti, mikwaruzo ya 3000 iliondoka kwa mipito minne au mitano, na boneti ikarudisha taa nzima bila kuvunjika.

Kwa hiyo kompaundi naipa sifa. Inakata haraka, hairuki ovyo, inafutika bila kuacha ukoko. Polishi ya kumalizia sina hakika nayo sana. Ina mafuta mengi, na mafuta yanajaza mikwaruzo kwa muda. Nilipomaliza nilifurahi, kisha nikafuta kipande kwa spiriti iliyochanganywa na maji, na mikwaruzo myembamba ikarudi kunisalimu. Futa hivyo kabla ya kujipongeza. Waksi nimeiacha kwanza, maana klia mpya bado inatoa mvuke wa thina (kiyeyushi) iliyomo ndani yake, na ushauri wa kawaida ni kuipa mwezi au zaidi kabla ya kuiziba.

Jambo lingine ambalo kipeperushi hakisemi ni aina ya klia. Yangu ina hadena, inakauka kwa kuungana kikemia, na baada ya siku moja mbili inakubali msasa vizuri. Ukiiacha wiki nyingi inazidi kuwa ngumu na mikono yako itajuta. Klia ya kopo isiyo na hadena ni habari nyingine: inakauka kwa kupoteza thina tu, na joto la sponji linaweza kuilainisha tena na kuiburura. Kama hujui uliyonayo, chovya kitambaa kwenye thina na ugusie mahali palipojificha. Ikinata au kitambaa kikachukua kitu, hiyo haina hadena. Sugua kwa mkono na usahau mashine.

Mlango wa nyuma, wenye vipovu, nilijaribu. Nilikata, nikatazama, nikakata tena, na kila kipovu nilichokifungua kilikuwa na kingine chini yake. Nilipiga koti ya tatu kabla ya pili kupoa, juu pakajifunga, thina ikatafuta pa kutokea. Bampa sikuligusa hata kidogo kwa seti. Macho ya samaki yalitokana na dawa ya kung'arisha tairi niliyoipulizia humo humo bandani siku moja kabla. Silikoni iliyomo kwenye dawa hiyo ilitua kwenye bampa, na klia haikai juu ya silikoni. Hapo ni kuosha kwa dawa ya kuondoa mafuta kwanza, ndipo msasa, maana ukianza na msasa unaikandamiza silikoni ndani ya mikwaruzo.

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama wangetoa kile kishikio na kuweka tepu ya karatasi mahali pake. Boneti na mlango wa mbele, ukiacha ule ukingo, nawaonyesha watu bila kuambiwa. Mlango wa nyuma na bampa nimeshavipiga msasa namba 800, vimeegemezwa ukutani vikisubiri siku isiyo na upepo, na kopo la dawa ya tairi nimelihamishia upande wa pili wa nyumba.