Steshenari ya kuombea vyuo, Tabora mjini

Kama una mdogo wako kamaliza form six mlete hapa karibu na soko kuu, yule dada wa steshenari hajazi fomu tu, anakaa na dogo anamwelewesha kwamba kilimo na mifugo ni chuo kikuu cha Sokoine kule Morogoro, uhandisi asiishie UDSM (chuo kikuu cha Dar) tu, aangalie na MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na nauli ikisumbua chuo cha AMUCTA kipo hapahapa Tabora. Kabla hajatuma anakugeuzia skrini usome mwenyewe namba ya mtihani ya form four, tarakimu moja moja, ndo anabonyeza. Hapo nilimpenda kweli maana namba ikikosewa mtoto anahangaika. Kuskani vyeti bei iko juu, wapunguze jamani, wanafunzi hawana hela. Jioni intaneti inakwama, nendeni asubuhi.